Kishindo kinaficha: tuzungumze mabadiliko ya uzeeni, la ghafla na lile la polepole linalojificha nyuma yake

#1 – Mwalimu wa Muheza (mleta uzi)

Habari za saa hizi wanajamvi. Kwa rika langu, salaam. Kwa wanangu, najua mtaniamkia: marahaba.

Nyuzi za kustaafu humu ni nyingi na karibu zote zinaishia kwenye mafao. Naomba huu tuuweke kwa jambo jingine.

Uzeeni mambo hubadilika kwa njia mbili. Yapo ya kishindo: kufiwa, kustaafu, kiharusi, kuvunjika mguu. Haya kila mtu anayaona, na watu wanakuja. Yapo pia yanayonyemelea: jicho, sikio, goti, kumbukumbu, marafiki wanaopungua mmoja mmoja. Hayana tarehe, kwa hiyo hakuna wa kukuletea pole. Hadi hapo sidhani kama kuna atakayenibishia.

Ninachotaka kusema ni kwamba la kishindo likishatokea, linageuka kuwa jibu la kila swali. Chochote kitakachokupata baada ya hapo, watu watasema ni kwa sababu ya lile. Na wewe mwenyewe utaamini. Huku nyuma la polepole linaendelea kukumaliza kwa sababu hakuna anayelitafuta.

Nieleze yaliyonipata. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Mume wangu alifariki ghafla, presha ilipanda usiku na hakuiona asubuhi. Watu walijaa nyumbani. Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kilileta rambirambi, na akina mama wenzangu wakawa wanakuja kulala kwangu kwa zamu hadi nikaweza kulala peke yangu. Siwezi kumlaumu mtu yeyote kwa kipindi kile.

Miezi ilivyokwenda nikaanza kujiondoa kwenye mambo. Nilikuwa mweka hazina wa kikundi, nikauachia uhazina. Wajukuu wakipiga simu nazungumza kidogo, nasema mtandao mbaya, nakata. Kanisani nilikuwa mtu wa kwaya, nikasema sauti imechoka. Wanangu wakaambizana: mama tangu baba aondoke si yule. Mchungaji akaja tukasali. Mwanangu mkubwa akaandaa chumba kwake Dar es Salaam, akasema huwezi kukaa na majonzi peke yako. Wote hao walikuwa na upendo, na mimi niliwakubalia, maana huzuni nilikuwa nayo kweli.

Siku moja nikawa sokoni nanunua dagaa kwa binti niliyemfundisha darasa la pili. Akanitajia bei, nikampa noti ya elfu kumi, akanirudishia elfu nne. Nikamwambia mwanangu umejipunja, umesema elfu tisa. Akasema, "Mwalimu, nimesema sita, na nimerudia." Kisha akaniangalia, akasema kwa adabu kabisa: "Mbona siku hizi ukiongea na sisi unatuangalia midomo?"

Nilikwenda hospitali. Kwanza walinitoa nta iliyokuwa imeganda, nikapata nafuu kidogo. Walipopima vizuri wakakuta usikivu umeshuka masikio yote mawili, hasa kwa sauti nyembamba. Mtaalamu akanifafanulia kuwa sikio la uzeeni huanza kupoteza sauti za juu: watoto, wanawake, ndege, na herufi kama s, f, t na sh. Irabu unazisikia vizuri. Kwa hiyo unajua mtu ameongea ila hujui amesema nini. Chukueni "sita" na "tisa" mtaona: irabu ni zilezile, kinachozitofautisha ni s na t tu, na hizo ndizo zilizokuwa zimenikimbia.

Nilipofika nyumbani ndipo nikaelewa jambo lililoniuma zaidi. Masikio yangu hayakuanza kuharibika baada ya msiba. Yalikuwa yanakwenda taratibu tangu nikiwa bado nafundisha. Ila mume wangu alikuwa na sauti nzito, nilimsikia bila shida, na yeye ndiye alikuwa akinirudishia maneno ya wengine. Mgeni akisema jambo, mzee analirudia. Simu anapokea yeye, kisha ananiambia fulani amesema hivi. Alikuwa akinisikilizia na hatukuwahi kulizungumza. Alipoondoka, yale aliyokuwa akiyaziba yakaonekana kwa mpigo, na kila mtu akayaita majonzi.

Sasa navaa kifaa cha kusikilizia. Nimerudi kwenye kikundi na vitabu vya hesabu ninavyo mimi. Majonzi bado ninayo, mtu niliyeishi naye umri wote ule hasahauliki. Lakini msiba naujua ni upi na sikio ni lipi, na kila kimoja nakibeba kwa namna yake.

Naomba wenye uzoefu mseme. La ghafla lililokupata wewe, au mzazi wako, lilikuwa limefunika nini?

---

#2 – Mstaafu wa Kihonda

Heshima yako dada mwalimu, na pole. Umenigusa.

Mimi nilikuwa bwana shamba, afisa ugani kama wanavyosema siku hizi. La ghafla kwangu ilikuwa kustaafu. Utaniambia kustaafu si ghafla, sheria inajulikana: 55 kwa hiari, 60 kwa lazima. Ni kweli, unaijua tarehe miaka yote. Lakini Jumatatu ile unayoamka huna pa kwenda, hiyo ni ghafla hata kama ulijiandaa.

Pesa niseme kidogo tu. Mifuko ya pensheni iliunganishwa 2018 ikazaa PSSSF, mfuko wetu watumishi wa umma, kikokotoo (kanuni ya kukokotoa mafao) kikazua kelele, 2022 mkupuo, yaani fungu unalopewa kwa mara moja, ukawa asilimia 33, na bajeti ya 2024/25 ikaupandisha hadi 40 kwa kundi letu. Mimi nilitoka kwenye ile 33. Hesabu niliyokuwa nimeipiga kichwani miaka yote ikaenda na maji. Kwa hiyo nilipoanza kunyong'onyea nyumbani, mke wangu na marafiki wote walisema ni mawazo ya kikokotoo. Nami nilikuwa na mawazo kweli.

Lakini hebu nikwambie kilichokuwa kinaendelea chini. Kazini nilikuwa natembea, shamba hadi shamba, kilima hadi bonde. Nilipostaafu nikawa mtu wa kochi na redio. Haikuchukua muda mrefu nikawa siwezi kunyanyuka kwenye kochi bila kujisukuma kwa mikono. Nikaacha kwenda misibani, maana viti vile vifupi vya plastiki nikikaa sinyanyuki bila kushikwa, na naona aibu. Watu wakasema bwana shamba kastaafu na kajitenga.

Hazikuwa hasira za kikokotoo. Misuli ya mapaja ilikuwa imekwisha. Daktari mmoja kijana alinikalisha kwenye kiti akaniambia nikunje mikono kifuani ninyanyuke. Nikashindwa. Akaniambia misuli ya mtu mzima ikikosa kazi inaondoka haraka kuliko ya kijana, ila hata uzeeni ikipewa kazi inarudi. Akanipa zoezi: kiti kigumu kisogezwe ukutani kisiteleze, simama, kaa, simama, kaa, mwanzoni kwa kushika meza, baadaye bila kushika. Na nile maharage, dagaa, mayai, siyo chai na mkate asubuhi na jioni kama nilivyokuwa nafanya.

Kikokotoo hakijabadilika kwangu. Mapaja yamebadilika. Misibani nakwenda.

---

#3 – Muuguzi wa wilaya

Shikamoo mwalimu, shikamoo mzee wa Kihonda.

Mimi ninafanya kazi wodini, na hiki mnachokisema tunakiona kila siku, ila kwetu kipo cha aina mbili na naomba niwatenganishie, maana ukichanganya unapoteza mtu.

Aina ya kwanza ni hiyo ya mwalimu: la polepole limejificha nyuma ya la ghafla. Aina ya pili ni kinyume chake, na ndiyo inayoua: la ghafla linachukuliwa kuwa la polepole. Mzee juzi alikuwa sawa, anajua siku, anajua wajukuu. Leo anaongea na watu wasiokuwepo, anavua nguo, hajui yuko wapi. Familia inasema uzee umeingia, au amerogwa, na anawekwa ndani. Jamani! Usahaulifu wa uzee hauji kwa siku mbili. Mzee akichanganyikiwa ghafla, tafuteni ugonjwa. Inaweza kuwa malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, nimonia, sukari imeshuka, maji yamepungua mwilini, au dawa mpya aliyoanzishwa. Na mzee anaweza kuwa na maambukizi makali bila homa kupanda sana, kwa hiyo msisubiri achemke. Wengi tukiwatibu hicho chanzo akili inarudi.

Kiharusi nacho: mdomo umekwenda upande, mkono mmoja umeishiwa nguvu, maneno yanakorogeka. Hiyo siyo jini wala upepo mbaya. Ipo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ambayo hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na ni baada ya kipimo cha CT-scan, ambacho hospitali nyingi hazina. Ndiyo maana kila dakika ya kubishana nyumbani ina gharama. Na hata saa hizo zikipita, mleteni. Mazoezi ya viungo yakianza mapema yanarudisha mengi.

Kuhusu masikio, mwalimu umefanya jambo kubwa kuliko unavyodhani. Jopo la wataalamu la jarida la Lancet limekuwa likiorodhesha mambo yanayochangia ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na ambayo yanaweza kuzuilika. Upungufu wa usikivu umo, na kwenye ripoti ya 2024 wakaongeza na uoni hafifu usiotibiwa.

Halafu vidonge vya maumivu. Diklofenaki ya dukani kila siku kwa ajili ya magoti inapandisha presha, inachoma tumbo na inaumiza figo. Nimeona wazee presha haishuki kwa dawa yoyote, kumbe kuna bahasha ya vidonge chini ya mto. Ukimpeleka mzee kliniki, beba dawa ZOTE anazotumia, na za kienyeji.

---

#4 – Kijana wa Muleba

Shikamooni wazee wangu. Nimesoma nikiwa kwenye daladala nikashindwa kushuka kituo changu.

Baba alivunjika nyonga. Aliteleza shambani mvua ikinyesha. Alifanyiwa upasuaji, ukaenda vizuri, tukamleta Dar, Kimara, nyumba nzuri, daktari karibu. Nyonga ikapona, picha zilionyesha imepona. Baba hakutembea. Anakaa kiti cha karibu na geti kuanzia asubuhi, anauliza nani amepita. Chakula anarudisha nusu. Sisi watoto kwenye kundi letu la WhatsApp kila siku ni nyonga, nyonga, nyonga. Tukambadilisha mtaalamu wa mazoezi, tukanunua magongo mengine.

Aliyetufumbua macho ni mzee mwenzake aliyempigia simu kutoka nyumbani, wakaongea Kihaya muda mrefu, nami nilikuwa pembeni nasikia. Baba anamwambia: hapa chini pote ni vigae, vinang'aa, sioni mwisho wa ngazi, nikianguka tena nitawaua watoto kwa gharama. Kumbe macho yalikuwa yameingia ukungu, na hakuwa anaumwa nyonga, alikuwa anaogopa sakafu. Na hakutuambia kwa sababu tulikuwa hatumuulizi kitu kingine chochote zaidi ya nyonga.

Kingine nilichokiona siku ile ni jinsi alivyokuwa anacheka. Nyumbani kwangu mke wangu ni mtu wa Lindi, dada wa kazi ni wa Singida, watoto Kihaya hawajui. Alikuwa na siku nzima za Kiswahili cha "shikamoo babu" na "karibu chakula". Mtu aliyekuwa anasuluhisha kesi za mipaka ya mashamba.

Alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, akaomba kurudi. Tuligombana sana ndugu, lakini tulimrudisha. Kabla hajafika fundi alijenga choo cha kukaa ndani ya nyumba, akafunga bomba la chuma ukutani pande mbili la kushikia, njia ya kutoka mlangoni hadi kibandani ikasawazishwa ngazi zote zikaondoka, na kuna kijana tunamlipa. Migomba anaikata kijana, baba anakaa kwenye kigoda anamwambia ipi ipunguzwe na ipi iachwe. Anatembea hadi mwisho wa shamba kwa gongo.

---

#5 – Mtu wa Mbagala

Heshima kwa wazee wote. Ila mimi nitasimama upande mwingine na naomba mnivumilie.

Tulimwacha mama kijijini kwa sababu hiyohiyo, kwamba anapenda kwake, ana majirani, ana kuku wake. Alianguka bafuni usiku. Alikutwa asubuhi na muuza maziwa. Aliishi, lakini hakuwa mama yule tena, na hadi anaondoka duniani alikuwa akiogopa giza. Kila nikisoma habari za "mzee arudi kwake" naisikia ile simu ya asubuhi.

Kwetu mzee haachwi. Mwalimu, mwanao alipoandaa chumba alikuwa sahihi. Mnaposema sikio, mapaja, vigae, hayo yote yangeonekana mapema zaidi kama mngekuwa mnakaa na watoto.

---

#6 – Mwalimu wa Muheza (mleta uzi)

Mwanangu wa Mbagala, pole sana. Sitakubishia juu ya mama yako. Mtu aliyepokea simu kama hiyo ana haki ya kusema ulivyosema.

Ila mwanangu wa Muleba alikuwa anakaa na baba yake nyumba moja, na macho hayakuonekana. Mume wangu alikuwa nami kitanda kimoja. Ukaribu unasaidia, lakini nao una namna yake ya kuficha. Unamzoea mtu, unamzibia mapengo bila kujijua. Binti wa dagaa aliona kwa sababu alikuwa hajaniona muda mrefu.

Dar sikukataa kwa ubishi. Nilimwambia mwanangu, kabla hujanihamisha niambie unaogopa nini hasa, tukitaje. Akasema anaogopa nianguke usiku nisijulikane. Basi tulilitibu hilo. Chumba cha uani nimempangisha mwalimu kijana wa kike anayefundisha sekondari, kodi yake ni ndogo, na anajua kwamba asubuhi asipoona dirisha langu limefunguliwa abishe hodi. Jirani ana ufunguo. Taa ya ukorido haizimwi. Mikeka iliyokuwa inajikunja pembe nimeitoa. Usiku nikiamka nakaa kwanza ukingoni mwa kitanda, miguu chini, kichwa kitulie, ndipo nasimama, maana dawa za presha ukisimama ghafla zinaweza kukuangusha.

Kama siku moja hayo hayatatosha nitakwenda Dar, na chumba nakijua. Sijaapa kwamba sihami. Nilichokataa ni kuhamishwa kwa ajili ya majonzi wakati shida ilikuwa kusikia. Ningefika kule na masikio yaleyale, katikati ya watu nisiowazoea, ningeonekana nimechanganyikiwa kabisa.

---

#7 – Mwana wa Makunduchi

Asalaam alaykum. Bi Mwalimu, pole kwa kuondokewa na mzee. Mie nitasema jambo ambalo kwetu haya hutuzuia kulisema, nalisema kwa sababu humu hatujuani majina.

Shangazi yangu alifiwa akakaa eda, miezi 4 na siku 10 kama ilivyoamrishwa. Watu wakija, wakimsomea, chakula kikiletwa. Eda ilipokwisha yeye hakutoka. Harusini haendi, maulidini haendi. Tukasema hajazoea, eda imemkaa moyoni. Mwaka ukaingia wa pili.

Kilichotushtua ni pensheni jamii. Huku Zanzibar ilianza 2016 kwa kila aliyetimiza miaka 70, wakati ule 20,000 kwa mwezi, baadaye ikapandishwa hadi 50,000, na siku zile ikilipwa vituoni, mtu anakaa foleni. Shangazi alikuwa akiipenda siku ile, ndiyo siku ya kuonana na wenziwe. Akaanza kutafuta sababu asende. Mtu hakatai pesa zake kwa majonzi. Dada yangu ndiye aliyemkalisha wawili peke yao akamuuliza. Alikuwa hawezi kuzuia mkojo. Ilimuanza zamani, kabla hata ya mzee kuumwa, kidogokidogo, akikohoa au akicheka. Alikuwa akiogopa kukaa kwenye jamvi la watu. Na sala ilikuwa ikimliza zaidi, akidhani udhu wake haushiki.

Alipelekwa, akapewa dawa ya maambukizi aliyokuwa nayo na akafundishwa mazoezi ya kukaza misuli ya chini. Hakupona kabisa lakini amepungukiwa sana. Na shehe wetu alimueleza kuwa mwenye udhuru wa namna ile ana hukumu yake nyepesi, atatawadha kwa kila sala na kuswali. Nadhani hilo la shehe lilimponya kuliko dawa.

Mnisamehe kama nimevuka mpaka.

---

#8 – Muuguzi wa wilaya

Hujavuka mpaka hata kidogo, ndugu wa Makunduchi. Wanawake wengi waliozaa wana tatizo hilo na wananyamaza, wengine wanapunguza kunywa maji ili wasiaibike, halafu wanatuletea figo na kuchanganyikiwa. Wanaume nao, tezi dume ikikua mtu anaamka usiku kila saa na kujikakamua, anasema ni baridi. Semeni kliniki. Sisi hatushangai.

---

#9 – Mjukuu wa Voi

Hamjambo kutoka Kenya. Shikamoo walimu na wazee.

Nyanya yangu yuko kwa Inua Jamii, ile pesa ya serikali ya shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi kwa walio na miaka 70 kwenda juu. Guka (babu) alipokufa tulimsaidia kwa kila kitu, pamoja na simu yake, na binamu yangu mmoja akashika PIN ili amrahisishie. Miaka imepita, nyanya hajui ana pesa ngapi mahali popote. Alikuwa mfanyabiashara wa mboga huyu, alikuwa anapiga hesabu kwa kichwa kuliko mimi. Juzi nilimsikia akiomba ruhusa anunue sukari. Nikasoma uzi huu nikaona ndilo hilo. Alipofiwa tulimbebea mzigo mmoja, na hatukumrudishia tena. Wikendi hii ninaenda kukaa naye tubadilishe hiyo PIN, yeye mwenyewe aichague.

---

#10 – Mgeni wa jukwaa

Shikamooni. Swali la haraka. Baba yangu ana 71, anaendesha gari mwenyewe. Tangu gari ligongwe kwa nyuma mwaka jana (hakuwa na kosa) hataki kuendesha usiku, anasema ile ajali ilimtia hofu. Sisi tulikuwa tunampa moyo tu. Baada ya kusoma hapa nimepata wasiwasi. Nimuanzie wapi bila kumvunjia heshima?

---

#11 – Muuguzi wa wilaya

Macho. Muulize kama taa za magari yanayokuja zinatawanyika na kumchoma. Hiyo ni dalili ya kawaida ya mtoto wa jicho, na upasuaji wake ni mfupi, jicho linatiwa ganzi tu na wengi wanarudi nyumbani siku hiyohiyo. Ila aombe apimwe na presha ya macho pia. Ile huanza kula uoni wa pembeni taratibu, haiumi, na kilichopotea hakirudi, dawa inazuia kilichobaki. Ikionekana kwake, na wewe na ndugu zako mkapimwe, inaenda kwa damu.

---

#12 – Mwalimu wa Muheza (mleta uzi)

Mwanangu, marahaba. Baba usimwanzie kwenye gari. Ukimwanzia kwenye gari atasikia unamnyang'anya ufunguo, na hapo hutapata neno lingine. Mwambie wewe mwenyewe unakwenda kupima macho na ungependa mwende wote. Kweli nenda, upime na wewe, siyo kumdanganya.

Mkifika, kama ana miaka 60 na kuendelea ulizeni dirisha la wazee, vituo vingi vya serikali vinalo, msikae foleni ndefu bure. Vingine havina kliniki ya macho kila siku, kwa hiyo piga simu au pita kwanza uulize siku yake. Abebe miwani aliyonayo hata kama ni ya kununua barabarani, na dawa zote kama alivyosema muuguzi. Ndani kwa daktari mwache baba aeleze mwenyewe, wewe uongeze tu atakachosahau. Na kabla ya kutoka, mwombe daktari amwangalie na masikio kama kuna nta, ni dakika chache.

Majibu yakija uyalete hapa kama baba ataridhia. Wa Voi, na wewe utuambie bibi amesemaje kuhusu hiyo namba yake.